Mchora Ramani Anajifunza Kukimbia

Jumatatu, 9 Machi

Nimeanza! Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi nilikuwa nimeshavaa viatu. Saa kumi na mbili na dakika tano nilikuwa nimeshavivua. Kifua kimekataa. Nilifika kwenye kona ya kinyozi, mita mia mbili na arobaini kutoka mlangoni kwangu. Najua, kwa sababu ramani ya mtaa huu niliichora mimi. Nikakaa kwenye ngazi za kinyozi, nahema, nangoja nguvu zirudi. Hazikurudi zote.

Niandike hali ilivyo, maana daftari hili ndilo pekee ninaloliambia kweli. Mke wangu hayupo. Leo ni siku ya kumi na tisa yuko kwa dada yake, mtaa wa pili, nyumba yenye geti la bluu. Hakuondoka kwa sababu ya mwanamke wala pombe. Aliondoka kwa sababu ya kadi ya presha. Daktari aliniamuru nikapimwe kila Ijumaa. Foleni ndefu, benchi gumu. Nikawa naijaza kadi mwenyewe nyumbani, kwa kalamu tofauti tofauti, namba nzuri zinazoshuka polepole kama inavyotakiwa. Miezi mitano! Mke wangu akawa ananisifia kwa majirani. Halafu nikaanguka bafuni, akanikimbiza hospitali, na muuguzi akasema hajawahi kuniona hata siku moja.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikunja nguo zake moja moja, akaniachia sabuni na ufunguo wa kabati.

Juzi alinitumia ujumbe kupitia kwa shemeji, huyo dada yake. Jumapili kuna mashindano ya idara zote, mbio za ramani. Unapewa ramani na dira, unakimbia porini ukitafuta vituo sita, kila kituo unagonga mhuri kwenye kadi yako, na kutoka kituo cha mwisho unapanda baiskeli hadi uwanjani. Mke wangu amesema niingie. Kushinda si lazima. Nimalize tu, kwa miguu yangu, kwa haki, bila ujanja, aone kwa macho yake. Nikimaliza hivyo atarudi nyumbani. Nikifanya ujanja, nisimtafute tena.

Siku sita. Kitu kidogo tu. Tena kwa ramani iliyotoka mkononi mwangu!

Jumanne, 10 Machi

Mguu wa kulia umevimba. Wa kushoto unauonea huruma.

Ofisini habari zimeshaenea. Karani wa masijala, tunayemwita Kamba kwa wembamba wake, naye ameingia mashindanoni. Ana miaka ishirini na minane na hana kitambi. Mchana, wenzake wakila, yeye analizunguka jengo mbio, dira mkononi. Aliniuliza, kwa heshima zote, kama nitaweza, mzee wangu. Mzee! Nina miaka hamsini na mmoja. Nikamjibu kwamba mimi nimechora mito kabla yeye hajajua kuoga. Watu wakacheka, ila sikupenda walivyocheka.

Ujanja mbioni hauruhusiwi. Lakini leo ni Jumanne, na masijala si mbioni. Nikabandua sumaku kubwa kwenye ubao wa matangazo, nia yangu niipachike chini ya droo anamoweka dira yake. Kumbe anarudi! Nikaitumbukiza begini mwangu, nikajitia natafuta faili la mipaka ya soko. Kamba akanisaidia kulitafuta nusu saa nzima, akapanda hadi rafu ya juu kabisa. Tukalipata. Ikabidi nikae nilisome.

Jioni, baiskeli. Fundi baiskeli wa hapa mtaani ameniazima moja ambayo mwenyewe haipandi. Breki ya nyuma haipo, ya mbele inashika ikitaka. Kwenye mteremko wa shule haikutaka. Nikaingia na baiskeli yangu katikati ya bustani ya mwalimu mstaafu. Amenisimamia kwa bakora yake nikipanda upya miche yake yote, huku akinisahihisha nafasi kati ya mche na mche.

Jumatano, 11 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Nimesema jino.

Nikaenda porini kuijaribu njia. Ramani ya mashindano ni ile ya ofisi yetu, karatasi namba nne, na kwenye pembe ya chini ziko herufi mbili za jina langu. Nikaisawazisha dira, nikalenga mashariki, nikatembea kifua mbele. Baada ya dakika arobaini nikaona jua liko mahali lisipopaswa kuwa. Nikaitazama dira. Nikageuka, nayo ikageuka. Nikamlaani aliyeitengeneza. Nikalaani na mkuu wa idara, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. Nilipotia mkono begini kutafuta maji, nikaishika sumaku.

Basi nimepotea. Nikashika kijito, nikijua kitanifikisha kwenye daraja la waenda kwa miguu. Kwenye ramani lipo, vistari viwili vyeusi, safi kabisa. Nikafika. Njia ipo, inashuka hadi ukingoni. Ng'ambo njia ipo, inapanda. Katikati hakuna kitu! Korongo tupu, kina cha watu wawili, na chini kabisa tope jeupe la mfinyanzi. Nikatazama ramani, nikatazama korongo, nikatazama tena ramani. Hakuna hata kigogo. Hakuna hata dalili kwamba kigogo kiliwahi kuwepo.

Ndipo nikakumbuka. Miaka kumi na moja iliyopita wapima ardhi walileta daftari lao la porini, na ukurasa mmoja ulikuwa umelowa chai. Chai yangu. Kuwauliza kungekuwa kuwarudisha porini siku mbili, na kueleza habari ya chai. Nikautazama mchoro. Njia inaishia huku, njia inaanzia kule. Sasa hapo katikati kuna nini kama si daraja? Nikalichora. Mkuu akasaini. Wote tukasahau, mimi wa kwanza.

Nilisogea kuchungulia, ukingo ukameguka chini ya mguu wangu. Nimeokolewa na mzizi. Nikashuka na kijito hadi mahali kingo zinapokuwa fupi, nikavuka, tope hadi magotini.

Kurudi nikapita geti la bluu. Sikupanga. Sawa, nilipanga. Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Akaitazama miguu yangu, akaingia ndani, akatoka na beseni la maji. Akauliza nimelipata wapi tope jeupe namna hii. Nikasema barabara ya sokoni, wanachimba mtaro. Akasema pole. Akakaa kwenye ngazi, mkono shavuni, akinitazama nikinawa. Nimemkumbuka sana huyu mtu. Nataka arudi. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 12 Machi

Niseme au nisiseme?

Nikisema, mkuu atauliza ni wapi kwingine nilikojichorea. Sijui. Hilo ndilo la kutisha. Huenda nina madaraja kila mahali. Nimebakiza miaka minne kustaafu, na huu si wakati wa kumwaga unga.

Asubuhi akaja mwalimu wa michezo, ndiye anayeandaa mashindano, na fomu yake. Anataka saini ya mchora ramani kwamba karatasi namba nne ni sahihi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu tayari. Nikamuuliza kama fomu ni lazima. Akasema ni utaratibu tu. Nikasaini. Saini yangu ni nzuri, wote husema.

Baadaye Kamba akaja na ramani yake kuomba ushauri. Akaweka kidole palepale. Akasema kutoka kituo cha nne kwenda cha tano atapita darajani, ataokoa zaidi ya kilomita moja. Akaniuliza mimi mwenye ramani naonaje. Nikasema ni njia nzuri. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Hapo ndipo mwanga uliponijia. Wote watapita darajani! Watafika, watashangaa, watakwaruza vichwa, watarudi. Mimi peke yangu nitakuwa nimeshika barabara ya tanuri la matofali, inayolizunguka korongo, tangu mwanzo. Mbele ya wote! Kamba nyuma yangu! Je, huu ni ujanja? Nimelifikiria jambo hili kwa makini sana, kuanzia saa nane hadi saa nane na nusu. Ujanja ni kufanya kitu. Mimi sifanyi chochote. Nanyamaza tu.

Na kuanguka, nani ataanguka? Mchana kweupe, watu wazima, macho wanayo.

Ijumaa, 13 Machi

Maajabu. Nimekimbia kilomita tatu bila kusimama. Kweli tupu, nimezipima. Nilipita kwa kinyozi nikampungia mkono, akadondosha kitana. Kwenye kilomita ya pili miguu iliacha kulalamika, nikawa nasikia pumzi yangu tu, inaingia, inatoka. Kwa kasi hii naweza kumaliza Jumapili bila hila yoyote. Wa mwisho labda, lakini nitamaliza. Nililiwaza hilo mpaka nyumbani. Kisha mchana, ofisini, nikamwona Kamba akilizunguka jengo.

Jioni mke wangu mwenyewe amekuja. Alisimama mlangoni, hakuingia, lakini amekuja! Amesema amejitolea kugawa maji siku ya mashindano. Amesema kinyozi amemwambia. Alikuwa anajizuia kutabasamu, namjua. Akaniomba nimwonyeshe kwenye ramani mahali pazuri pa kusimama anione nikipita.

Mke wangu hajui ramani. Miaka ishirini na sita ameolewa na mchora ramani na bado huuliza kaskazini iko upande gani wa nyumba. Lakini alipoona herufi zangu pembeni akasema hii anaielewa, mwandiko anaujua. Kidole chake kikafuata kijito taratibu kutoka uwanjani, kikasimama. Akauliza kama hapa darajani si karibu zaidi.

Ningeweza kusema. Maneno matatu tu: hapo hakuna daraja. Nikasema hapo kuna jua kali, akae uwanjani kwenye utepe, ndiko watu hukaa. Akasema sawa. Akaiomba ramani akaitazame vizuri. Nimempa.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Baiskeli imepata pancha ikiwa imesimama. Fundi amesema hajawahi kuona kitu kama hicho, akaziba, akanishauri nisiikalie mpaka siku yenyewe.

Mchana nilishika mwavuli nikaenda hadi geti la bluu, nimwambie mke wangu ile ramani asiitumie. Nilisikia wanacheka ndani, yeye na dada yake. Alikuwa anasimulia kitu, na nimesikia jina analoniita tukiwa wawili. Si vizuri kumharibia mtu kicheko chake. Nikarudi.

Nimejikumbusha kwamba nilimwambia uwanjani. Uwanjani ni uwanjani.

Jumapili, 15 Machi

Andika, mkono. Andika kwa mpangilio.

Saa mbili kamili filimbi. Washindani ishirini na watatu. Mke wangu alikuwa uwanjani, kwenye utepe, na ndoo na vikombe. Alinifunga kamba za viatu yeye mwenyewe, alipiga goti mbele ya watu wote, akasema nitulie, nimalize tu. Nikasema nitamaliza.

Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu: nilikuwa wa ishirini na moja, kisha wa ishirini na mbili, kisha mhasibu mmoja akateguka nikamsaidia kukaa, nikaendelea. Kituo cha nne niliwakuta wengi wamesimama wanahema na kusoma ramani. Kamba aliongoza, wote wakamfuata kushuka kwa kijito. Mimi nikajitia nafunga kiatu. Walipopotea machakani nikashika barabara ya tanuri. Peke yangu! Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Kituo cha tano, hakuna mtu. Cha sita, hakuna mtu. Mlinzi wa baiskeli akaniuliza kama nimeruka vituo, nikamwonyesha mihuri yote sita. Baiskeli ilienda vizuri, hata breki ilitaka.

Nimekata utepe wa kwanza. Wa kwanza! Mimi! Makofi yalikuwa kidogo, maana waliokuwapo ni wachache. Nikageuka kumtafuta mke wangu. Ndoo ilikuwepo, vikombe vilikuwepo, yeye hayupo. Nikadhani amekwenda kujisaidia. Mwalimu wa michezo akanipa mkono, akasema tuwangoje wa pili na wa tatu tupige picha. Tukangoja. Dakika ishirini. Dakika arobaini. Nilifanya mazoezi ya kusimama kwa picha, mkono kiunoni, halafu mkono bila kiuno.

Saa tano na robo walitokea. Wote pamoja, washindani ishirini na mmoja na mhasibu anachechemea nyuma. Hawakukimbia. Walikuwa wamefunga mashati yao kwenye miti miwili, na juu ya mashati amelala mtu, na Kamba kifua wazi ameshika mbele kulia. Wote weupe kwa tope hadi kiunoni. Nilivijua viatu kabla sijauona uso.

Shemeji ndiye aliyenieleza baadaye hospitali, baada ya kumsikiliza dada yake, na hakunieleza kwa upole. Mke wangu alisubiri uwanjani kama nilivyosema. Halafu aliona jua limewaka baada ya mvua, akasema mume wangu presha inamsumbua, maji atayapata wapi huko kabla ya baiskeli. Akachukua chupa na ramani yangu. Akafuata njia kama nilivyoichora, hadi ukingoni, akasogea kulitafuta daraja. Ukingo ulikuwa umelowa. Kamba na wenzake walipofika walisikia sauti kutoka chini. Hakuna aliyerudi nyuma kutafuta njia nyingine ya mbio. Walishuka wote.

Mfupa wa mtulinga, hapa juu ya kifua, umevunjika, na mbavu mbili. Hospitali nilimwambia muuguzi kwamba mimi ni mume. Akanikumbuka.

Nimelia chooni. Nimelia kweli, na nimeogopa, na sijawahi kujichukia hivi.

Mwalimu wa michezo ametuma ujumbe kwamba mashindano yamefutwa. Wa kwanza kabisa, na yamefutwa! Nimeona niliandike na hilo.

Jumatatu, 16 Machi

Nimekwenda wodini saa sita. Mkono umefungwa kifuani, uso umepauka, mgongo umeegemezwa mito miwili. Shemeji akatoka bila kunisalimia.

Mke wangu hakuuliza juu ya ushindi. Alisema kule chini alikaa karibu saa nzima peke yake, na alikuwa na muda wa kulitazama lile tope. Akasema tope jeupe namna ile ameliona mara moja tu maishani, Jumatano, kwenye beseni la dada yake. Nikasema ni la mtaro wa barabara ya sokoni. Akasema Jumamosi asubuhi, kabla mvua haijazidi, alikwenda sokoni, na hakuna mtaro. Nikasema wameufukia.

Kisha akasema taratibu, kwa sababu mbavu zinamuuma, kwamba amechoka kuniuliza mimi. Anajua nina daftari. Anajua humo sidanganyi, miaka yote ananiona nikiandika nikiwa nimeuma ulimi. Hajawahi kulifungua. Akasema nimletee leo saa kumi, saa ya kuona wagonjwa, nimpe kwa mkono wangu. Asome Jumatano. Akasema hata kama imeandikwa kwamba nilijua, nikimletea kama lilivyo, atarudi nyumbani na mkono wake uliofungwa na tutaanzia hapo. Haombi kingine.

Nimetembea hadi nyumbani nikilifikiria. Atarudi! Amesema mwenyewe! Nimekaa mezani nikaisoma Jumatano. Nikaisoma tena. Mtu mwenye akili timamu hawezi kumpa mgonjwa kitu kama hiki. Mbavu mbili! Mshtuko unaweza kumdhuru. Na Alhamisi je? Na Ijumaa, kidole chake kwenye ramani? Hapana. Ni kwa ajili yake mwenyewe. Daktari yeyote angeniunga mkono.

Duka la vifaa vya shule lilikuwa na daftari kama hili hili, jalada la kijani, mistari ileile. Nimelipaka mafuta kidogo kwenye pembe lionekane la zamani. Jumatatu na Jumanne nimezinakili neno kwa neno, isipokuwa sumaku, na Alhamisi hadi jana nimezitunga upya, fupi, nikiuacha wazi ukurasa wa Jumatano. Hila zote nimezimaliza sasa, hii ndiyo ya mwisho kabisa, halafu maisha mapya. Kalamu nimetumia tatu, ili ionekane ni siku tofauti.

Saa tisa na nusu. Imebaki hii moja. Naijaribu hapa kwanza kabla ya kuihamishia kule:

Jumatano, 11 Machi. Jino linaniuma sana. Nimeshinda kwa daktari wa meno. Jioni nimepita barabara ya sokoni, kuna mtaro, tope jeupe hadi magotini. Kibarua mmoja amesema wataufukia kesho.

Nimeisoma mara tatu. Imetulia. Na jino, ajabu, limeanza kuniuma kweli.